Chupa Isiyo na Samaki

Vifaranga waliokufa walikuwa wamelala chini ya tangi la kulia, wembamba kama njiti za kiberiti, matumbo juu. Katika tangi la kushoto wenzao walikuwa wakizunguka zao, hawana habari na msiba. Inspekta alichuchumaa kati ya matangi hayo mawili hadi magoti yakaanza kumlalamikia, na bado hakuinuka.

"Afande," Koplo alisema kutoka mlangoni, leso puani, "tunamtafuta aliyeua mtu au aliyeua dagaa?"

"Chewa," Daktari alimsahihisha kwa sauti ndogo. "Ni vifaranga wa chewa."

"Wakishakufa, kwangu wote kitoweo."

Hakuna aliyecheka. Koplo mwenyewe alijutia utani wake pale pale, maana macho yake yalikuwa yameangukia kigoda kilichopinduka karibu na meza. Hapo ndipo alipokutwa binti wa watu, mtafiti, ambaye maabara nzima ilimwita Bi Kimya. Hakuwa na jeraha. Hospitali haikukuta sumu, ikaandika kwamba moyo ulisimama, kana kwamba kuna maiti ambaye moyo wake bado unadunda. Mama yake, ambaye ndiye mfagiaji wa maabara hiyo hiyo, hakukubali. Alikula kiapo kwamba hatamzika mwanawe mpaka aliyemuua ajulikane, na hakuficha anamshuku nani: fundi wa mitungi ya gesi, kijana aliyekuwa amemposa binti na hajapewa jibu. Kijana huyo sasa alikuwa mahabusu, na mkuu wa kituo cha polisi alitaka apandishwe kizimbani Jumatatu kwa kosa la kuua. Kilichokosekana kwenye jalada kilikuwa kimoja tu: aliua vipi?

Inspekta alitoa picha iliyopigwa siku ile. Bi Kimya alikuwa amelala chali, kichwa kimewekewa sweta kuukuu la kijivu lililoviringishwa kama mto. Aliyemwekea ni mama yake, alipoitwa kuja kumtazama. Sweta lenyewe lilikuwa kwenye mfuko wa vielelezo, ndani ya gari. Akairudisha picha mfukoni na kuyageukia tena matangi.

"Daktari, samaki wa matangi haya ni wa mama mmoja?"

"Mama mmoja, maji yale yale, chakula kile kile."

"Basi kwa nini hawa wamekufa na hawa wazima?"

Daktari, mkuu wa maabara, alikuna kidevu chenye mvi. "Nilidhani ni kukosa uangalizi. Tangu siku ile hakuna aliyeingia humu."

"Uangalizi wamekosa wote." Inspekta alielekeza kidole chini ya meza ya kulia, ambako pampu ndogo ilikuwa ikinguruma sakafuni na kusukuma mapovu kwenye maji ya wafu. "Hii ilizimika?"

"Haikuzimika. Mapovu si hayo unayaona?"

"Na hawa wazima pampu yao iko wapi?"

"Wanapata hewa kutoka pampu kubwa ya nje. Mpira wake unapita ukutani, pale."

"Kwa hiyo wa kushoto wamevuta hewa ya uani. Wa kulia wamevuta hewa ya wapi?"

Daktari alikiinua kigoda kilichopinduka ili akikalie, akakumbuka ni cha nani, akabaki amesimama nacho mkononi.

"Ya humu chumbani," alisema.

"Pampu ilisukuma mapovu kama kawaida, ila mapovu hayakuwa na oksijeni, kwa sababu chumba hakikuwa nayo. Kilichowaua hawa ndicho kilichomuua aliyekuwa akiwalea." Inspekta aliinuka, akaukabili mtungi mrefu uliofungwa kwa mnyororo pembeni. "Humu mna nini?"

"Naitrojeni. Ni ya kazi yake." Daktari alichukua kichupa cha kioo mezani, kikubwa kidogo kuliko kidole gumba, kizibo chake kina waya. "Kazi yake ilikuwa kupima pumzi. Unamtia kifaranga mmoja humu, unafunga, waya huu unakuonyesha oksijeni ya maji inavyopungua. Kadiri samaki anavyovuta hewa, ndivyo mwili wake unavyochoma chakula. Halafu unaipunguza hewa ya maji kwa kupuliza naitrojeni, uone mtoto wa samaki atavumilia mpaka wapi. Bahari inapata joto, na maji ya moto hayashiki hewa vizuri. Alitaka kujua kama hawa watapona."

"Na naitrojeni ikishapita kwenye maji inakwenda wapi?"

"Inaingia chumbani. Haina harufu, haiwashi koo. Mtu anahisi usingizi tu."

"Na hamkuwa na kipimo cha hewa humu?"

"Tulikuwa na vipimo vya hewa ya samaki, Inspekta. Cha hewa ya watu hatukuwa nacho." Alisema hivyo akitazama vidole vya miguu yake, maana alikuwa pekupeku, na Inspekta akamwonea huruma.

Koplo hakumwonea mtu huruma. Walipofika kwenye gari alipiga makofi mara moja, kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo. "Kazi imekwisha, Afande. Mtungi ulifungwa na nani? Fundi. Sasa tunajua na aliua vipi. Jalada limejaa."

Inspekta alijua kwamba ndivyo hakimu yeyote angeona. Alikuja kutafuta kitu cha kumtoa kijana, akatoka na kitu cha kumdidimiza.

*

Fundi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa hana mkanda wala kamba za viatu. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Asubuhi ile ulifunga mtungi mpya?"

"Nilifunga, Afande."

"Koki uliiacha wazi?"

"Niliifunga ndi. Anayeifungua ni yeye mwenyewe akianza kupima. Anaizungusha robo, anasikiliza mapovu, basi. Msimu mzima alifanya hivyo."

"Na feni? Tumeikuta imezimwa."

"Feni aliizima tangu mwanzo. Inatikisa meza, samaki wanashtuka. Samaki akishtuka anavuta hewa maradufu, kipimo kimeharibika. Na si feni tu. Koridoni kwake unavua viatu. Hata chafya tulikuwa tunaikimbiza uani. Ndiyo tukamwita Bi Kimya." Alitabasamu, kisha tabasamu likamkauka mdomoni.

Koplo alisogeza kiti chake mbele. "Ulimposa akakukatalia, sivyo?"

"Hakukataa. Alisema nisubiri vifaranga wakue kwanza."

"Ukachoka kusubiri."

"Kwani wanachukua muda gani kukua?" kijana aliuliza, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta. "Ningesubiri, Afande. Nilikuwa nasubiri."

Inspekta alimwachia nafasi ya kujikaza. "Ulipotoka chumbani mlango ulikuwaje?"

"Umefungwa. Baadaye nikaona taa nyekundu imewaka juu yake. Ikiwaka anapima, hufungui na hugongi, hata kama nyumba inaungua. Ndiyo maana hakuna aliyejua."

"Koki robo, feni imezimwa, mlango umefungwa. Unasema ndiyo kawaida yake ya msimu mzima. Mbona afe siku ile?"

"Ndilo ninalojiuliza usiku kucha. Ule mlango haufiki chini, una uwazi wa vidole viwili. Hewa inaingia, hewa inatoka. Hatukuwahi kupata hata maumivu ya kichwa."

Walipotoka, Koplo alitikisa kichwa. "Anajua kulia yule."

"Na wewe unajua kuuliza. Kila mtu na kipaji chake."

*

Kesho yake Inspekta alirudi maabara na kipimo cha hewa alichoazima kwa zimamoto. Alimkuta Daktari akipanga vichupa vya kioo kwenye sinia. Kila kichupa kilikuwa na kifaranga mmoja, mwili wake unapitisha mwanga, isipokuwa cha mwisho.

"Hiki mbona hakina kitu?"

"Hicho ni chupa isiyo na samaki. Lazima iwepo katika kila kipimo. Maji yenyewe yana vijidudu, navyo vinavuta hewa. Usipoiweka hiyo, utamsingizia samaki pumzi ambayo si yake."

Inspekta alikiinua kichupa kitupu, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu hadi Koplo akaanza kukohoa.

"Koplo, nenda kamlete fundi."

"Hapa?"

"Hapa. Tumemtia ndani kijana wa watu bila kuweka chupa tupu."

Fundi alifika na pingu mikononi. Koridoni mama wa marehemu alikuwa akifagia. Alikuwa amegoma kukaa nyumbani na waliokuja kumpa pole. Alisema kule anaulizwa atazika lini, huku ana kazi ya kufanya. Fundi alimwamkia. Mama aligeuza uso, akaendelea kufagia sehemu ambayo tayari ilikuwa safi.

Kipimo kiliwekwa chumbani juu ya meza, waya wake ukapita kwenye tundu la nyaya ukutani, na kioo chake cha kusomea kikabaki mkononi mwa Daktari, koridoni. Fundi akafungua koki robo, kama alivyozoea kumwona mwenye chumba akifanya. Feni haikuguswa. Wakatoka, wakafunga mlango, wakawasha taa nyekundu. Wote walikuwa wamevua viatu bila kuambiwa, hata Koplo, ambaye soksi yake moja ilikuwa na tundu.

Wakangoja. Kioo kilianza na oksijeni asilimia ishirini na moja, ambayo ni hewa ya kila mtu. Ikawa ishirini. Ikashuka hadi kumi na tisa na nusu, ikakaa hapo. Wakangoja mpaka Koplo akaegemea ukuta. Haikushuka tena.

"Kwa hewa hiyo mtu hafi," Daktari alisema. "Inaingia kwa chini kadiri inavyotoka."

Fundi alishusha pumzi, pingu zikalia.

"Basi kuna aliyeongeza koki," Koplo alisema, na jicho lake likamhamia Daktari. "Mlango ulifunguliwa na nani kwanza?"

"Mimi. Niliona muda wa kupima umepita na hatoki, nikafungua. Koki ilikuwa robo ile ile, ndiyo nikaifunga. Mnaweza kuniapisha."

"Hatuapishi mtu leo," Inspekta alisema. "Chumba peke yake hakiui. Hiyo ndiyo chupa yetu isiyo na samaki. Sasa tutatia watu, mmoja mmoja. Kila mtu afanye alichofanya asubuhi ile, asipunguze, asitie chumvi. Anza, Daktari."

Daktari alipita mbele ya mlango, akaenda ofisini kwake, akarudi. Kioo hakikujali. Koplo alisimama mahali pa fundi, akabeba mtungi wa uongo hadi uani. Kioo hakikujali vilevile. Akabaki mmoja.

Inspekta alimwendea. Hakuwa na shaka naye hata chembe. Alichotaka kwake ni macho yake tu, kwa sababu mfagiaji huona kila anayepita.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mmemleta hapa ili mnitie uchungu?"

"Hapana, Mama. Naomba utusaidie. Fanya kazi yako kama ulivyoifanya siku ile, kila kitu, mwanzo mpaka mwisho. Labda utakumbuka mtu uliyemwona."

"Nikifanya, aliyemuua mwanangu atajulikana?"

"Atajulikana, Mama. Nakuahidi."

Mama aliegemeza ufagio ukutani, akafikiri. Alikuwa mtu wa kufanya kazi kikamilifu, hata ile ya kuigiza. "Basi nileteeni sweta langu."

"Sweta gani?"

"La kijivu. Nililomwekea kichwani. Si mnalo ninyi?"

Inspekta alimtazama Koplo, Koplo akatoka. Aliporudi na mfuko wa vielelezo, Inspekta aliuchana mwenyewe. Sweta lilikuwa na mstari wa vumbi upande mmoja, mnyoofu, mrefu kama upana wa mlango. Alikuwa ameliona katika picha mara nyingi na hakuwahi kujiuliza lilitoka wapi.

"Mama," alisema, "tunaweza kuacha hapa."

"Umesema kila kitu," Mama alimjibu.

Alifagia koridoni kimyakimya, viatu kavua. Akapiga deki. Alipofika kwenye mlango wenye taa nyekundu alilichukua sweta, akaliviringisha, akaingiza mkono mmoja wa sweta ndani ya mwingine ili lisifunguke. Akapiga magoti. Akalisukuma chini ya mlango kwa vidole, kutoka kona hadi kona, akalipapasa taratibu kama mama anayemfunika mtoto, kuhakikisha hakuna mahali palipobaki wazi. Kisha akainuka kwa kushika ukuta.

"Hapo nikaenda kuchemsha chai," alisema. "Sikumwona mtu mwingine zaidi ya hawa."

"Sweta hili la marehemu baba yake," aliendelea, kwa sababu walikuwa wakimtazama. "Jana yake alirudi nyumbani analia. Sisi tukipita hapa, vivuli vya miguu yetu vinaingia kwa chini, vifaranga wanashtuka, kazi ya msimu mzima inaharibika. Nikamwambia, nyamaza, kesho mama atakuzibia. Nikalitafuta hili kabatini. Likatosha kabisa."

"Siku zote ulikuwa unaziba?" Inspekta aliuliza.

"Aa, siku ile ndiyo ya kwanza. Hata yeye sikumwambia. Alikuwa ameshaingia ndani. Nilipoitwa nililikuta sakafuni, mlango umeshalisukuma pembeni, nikamwekea kichwani."

Kioo cha kipimo kilikuwa mikononi mwa Daktari. Kumi na tisa. Kumi na nane na nusu. Koplo alikuwa akitazama tundu la soksi yake. Kumi na saba.

"Ni mimi," fundi alisema ghafla.

Wote waligeuka.

"Koki niliiacha wazi mimi. Sana. Nilikasirika kwa sababu hakunijibu. Niandikeni, nitatia sahihi." Maneno yalikuwa yakimtoka haraka haraka, na macho yake hayakuwa kwa Inspekta. Yalikuwa kwa mama mkwe ambaye hakuwahi kumpata. "Mama asiulizwe tena. Nirudisheni ndani."

Mama alimtazama kijana huyo kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alimtazama kwa muda, kuanzia pingu mpaka uso. Mtu hajisingizii kuua bila sababu, na yeye hakuwa mjinga. Akamtazama Daktari. Akalitazama sweta.

"Daktari," alisema. "Namba inasemaje?"

Daktari alikigeuza kioo kifuani, kama mtu anayeficha karata.

"Mwanangu alinifundisha. Namba ikishuka, pumzi inaisha. Nilikuwa namletea chai, ananionyesha vifaranga wake, ananiambia, ona mama, huyu ametulia, huyu kashtuka." Akamgeukia Inspekta. "Uliniahidi. Inashuka?"

Inspekta alikuwa na uongo tayari. Ulikuwa uongo mzuri, wa mtungi mbovu kutoka kiwandani, na ungemtoa kijana ndani bila kumgusa mama. Lakini mama alikuwa akimtazama machoni, na alikuwa ameapa kutozika mpaka ajue.

"Inashuka, Mama."

Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Akapiga magoti tena, akalivuta sweta, likatoka kwa mkupuo mmoja. Halikuwa limekaza hata kidogo. Wote wakabaki wakisikiliza hewa ambayo haina sauti ikiingia chini ya mlango. Daktari alikishusha kioo bila kujijua. Namba ilisimama, kisha ikaanza kupanda.

"Mfungueni kijana," Mama alisema kutoka pale chini. "Na mimi nipeni mwanangu, nikamzike."

Inspekta alifungua pingu mwenyewe, na ufunguo ulimponyoka mara mbili. Fundi hakwenda popote. Alikaa sakafuni kando ya Mama, mgongo ukutani, miguu mitupu mbele. Baada ya muda Mama aliulaza mkono wake juu ya mkono wa kijana, pale pingu zilipoacha alama.

Kilio kikamjia. Inspekta alikiona kikipanda kifuani mwake, akajiandaa kukisikia. Lakini taa nyekundu ilikuwa bado inawaka juu ya mlango, na mwanamke yule alikuwa amezoea. Alilikandamiza sweta la mumewe mdomoni kwa mikono yote miwili, akalia humo, bila sauti, ili vifaranga wasishtuke.